Kijana Msanifu na Baraza Yake ya Mtandaoni

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana mlio katika kutafuta, katika miji yetu ya pwani leo, na hata ya bara, ni shida kupata mtaa usio na kijana aliyejifunza kuchora kwa kompyuta. Huyu hutengeneza kadi za arusi, yule nembo za maduka, mwingine mabango ya maulidi na ya ufunguzi wa misikiti, na binti wa jirani hutunga nakshi za hina na mapambo ya kanga. Wengi wao kazi zao ni nzuri kwa kweli. Lakini mwulize mmoja wao, "Kazi zako ziko wapi tuzione?" Atatoa simu mfukoni, apekue mamia ya picha zilizochanganyika na picha za shangazi zake na risiti za umeme, na mpaka aipate ile kadi aitakayo, mwenye kuuliza amekwisha kuchoka. Hapo riziki imepita mlangoni na haikukaribishwa ndani.

Twataka basi tuseme juu ya jambo hili: namna apasavyo kijana msanifu kuipanga na kuitengeneza tovuti yake mwenyewe, yaani mahali katika mtandao ambapo mtu yeyote, awe Tanga au awe Muscat, aweza kufungua akaziona kazi zake, akamjua ni nani, na akaijua njia ya kumpata. Tovuti ni jambo la juzi. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake la kwanza mwaka 1989, na mwaka 1993 CERN ikaiacha elimu hiyo wazi kwa watu wote bila malipo. Lakini desturi ya fundi kuzikusanya kazi zake bora na kuzionyesha kwa mpango ni ya kale sana, na sisi Waislamu tuna sehemu yetu kubwa ndani yake.

Waandishi wa khati wa dola ya Uthmaniya walikuwa na kitu kiitwacho murakkaa, nacho ni mkusanyiko wa vipande vya khati vilivyobandikwa juu ya karatasi ngumu na kuungwa pamoja mfano wa kitabu. Mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kutia jina lake chini ya kazi yake mpaka apewe ijaza. Akiitaka, huandika kipande kimoja, aghalabu kwa kuifuata kazi ya bingwa aliyetangulia, na walimu wake huandika chini yake kwamba wamemruhusu. Hashim Muhammad wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1973 na ambaye kitabu chake cha kanuni za khati kimewasomesha wengi, alikuwa na ijaza ya Hamid Aytaç wa Istanbul. Na hapa kwetu, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate walinakili misahafu kwa mkono na kuitia nakshi, wakajulikana kwayo mwambao wote. Wafanyabiashara nao hawakuwa nyuma: tazama pindo la kanga za Mombasa zilizopigwa chapa ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak. Mama zetu waliijua alama hiyo hata wale wasiojua kusoma, nao waliitafuta dukani kwa sababu waliiamini.

Kabla ya kuendelea yatupasa kuondoa shaka moja, maana tumeisikia kwa wazee wema wala hatupendi kuidharau. Wasema: mtu kuzitandaza kazi zake mbele ya watu na kuandika jina lake juu, je, si riya? Twajibu kwamba riya ni kulifanya kwa ajili ya macho ya watu lile lipasalo kufanywa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ama fundi kumweleza mwenye haja kwamba kazi hii naiweza, huko ni kubainisha. Katika Sura ya Yusuf twasoma kwamba Nabii Yusuf (A.S.), alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri, mwenyewe aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na akataja kuwa yeye ni mhifadhi na ni mjuzi. Wanavyuoni wameitwaa habari hiyo kuwa ni dalili ya kufaa mtu kutaja uwezo wake panapo haja, maadamu asema kweli. Na katika Sura ya Qasas, yule binti wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), alitaja nguvu na uaminifu. Hayo mawili ndiyo mwajiri ayatafutayo hata leo: kwamba mtu aiweza kazi, na kwamba mtu huaminika. Tovuti ya msanifu haina shughuli nyingine ila kuyadhihirisha hayo.

Kujisifu huingia pale kijana wa miaka miwili kazini aandikapo kwamba yeye ni msanifu namba moja wa Afrika Mashariki. Maneno hayo, mbali na kuwa si kweli, hayamfahamishi mteja kitu chochote.

Karatasi kabla ya kompyuta

Wengi huanza na rangi. Hukaa siku tatu wakichagua kijani hiki au kile, na hawajajua bado ni nani atakayeifungua tovuti hiyo wala atafuta nini. Sisi twaona ni heri kijana akae na karatasi na kalamu ya risasi kwanza, ajiulize: nani nataka aje? Mwenye duka atakaye nembo hutazama picha, kisha huuliza bei na siku. Ofisi itakayo kumwajiri mtu husoma maneno, kwa kuwa yataka kujua kijana huyu hufikiri vipi na huweza kufanya kazi na wenzake. Tovuti moja yaweza kuwapokea wote wawili, lakini lazima mwenyewe aamue ni yupi wa mbele.

Kisha achore vyumba vyake kama achoravyo mtu ramani ya nyumba. Na hapa twawapa mfano wa kwetu. Nyumba ya mawe ya Lamu ina baraza yake nje, kisha daka la mlango, kisha kiwanda, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, penye zile zidaka zilizopambwa kwa ustadi mkubwa. Kila mtu ajua mwisho wake. Mwuza maziwa hukomea barazani, rafiki hukaribishwa mbele zaidi, na ndani ni kwa wenyewe. Waliojenga hivyo walijua kumheshimu mgeni na kuihifadhi jamaa kwa pamoja.

Tovuti yataka akili ile ile. Ukurasa wa mwanzo ndio baraza: jina lako, sentensi moja isemayo ufanyalo na mahali ulipo, na kazi tatu au nne zilizo bora. Mathalan: "Nachora nembo na vitabu vya watoto, nami niko Tanga." Imetosha. Mgeni asiombwe kungoja picha izunguke na muziki uimbe ndipo apewe jina la mwenye nyumba. Baada ya baraza kuna ukurasa wa kazi zote ulizochagua, ukurasa wa habari zako, na mahali pa kukuandikia. Milango minne, yenye majina mepesi ambayo hata mzee aweza kuyasoma. Ama picha za watoto wako, za mama yako na za karamu za nyumbani, hizo ni za ndani, na hazina haki ya kutokea barazani kwa kisingizio cha kwamba wateja wapenda kumjua mtu alivyo.

Juu ya lugha hatutasema mengi. Akiwa wateja wake ni wenye maduka wa mji wake, aandike Kiswahili kizuri. Akitazamia kazi za ng'ambo, aweke na Kiingereza. Lakini asiiachie mashine imfasirie kisha asiyasome yaliyotoka.

Kazi zipi zionyeshwe

Hii ndiyo sehemu ngumu, nasi tutakaa hapa kidogo. Kijana aliye na kazi mia atapenda kuziweka mia. Asifanye hivyo. Kazi sita hadi kumi zatosha, kwani mtazamaji humpima fundi kwa ile dhaifu kuliko zote. Na kila kazi ifuatane na maneno machache: aliyeitaka alikuwa na shida gani, wewe ulijaribu nini, kwa nini ukaacha hiki ukachukua kile, na mwisho ikawaje. Picha peke yake haielezi. Nembo nzuri yaweza kuwa imepatikana kwa bahati, lakini maelezo ya njia uliyopita hayapatikani kwa bahati.

Tuseme kijana ametengeneza imsakiya ya msikiti wa mtaa wao. Watu wengi huidharau kazi hii, nayo ni mtihani wa kweli wa usanifu. Kuna siku 29 au 30. Kila siku ina tarehe mbili, ya Hijria na ya Miladia, na nyakati sita au saba. Karatasi ni moja, nayo hutundikwa ukutani na kusomwa alfajiri na mtu mwenye usingizi, pengine mzee, pengine kwa mwanga hafifu. Imsakiya nyingi tuzionazo zina taa kubwa ya kuning'inia, mwezi mwandamo, kuba la msikiti na jina la mfadhili, na hayo hula nusu ya karatasi. Nambari zabaki ndogo kama mbegu za ufuta. Basi msanifu mwema ataionyesha karatasi ya mwaka uliopita, aseme wazee walilalamika nini, kisha aonyeshe yake: nambari zimekuzwa, mistari imetiwa rangi hafifu kwa kupokezana ili jicho lisiteleze kutoka siku hii hadi ile, safu za imsaki na magharibi zimetiwa wino mzito kwa kuwa ndizo ziulizwazo zaidi, na mfadhili amewekwa chini kwa heshima yake. Akiongeza kwamba aliitundika ukutani nyumbani kwao akaisoma kwa hatua tatu kabla ya kuipeleka chapani, mwajiri yeyote mwenye akili atamwita.

Na yule ambaye hajapata mteja hata mmoja? Naye afanye kazi za zoezi. Achukue daftari la mahudhurio la chuo, au jalada la juzuu ya watoto, au karatasi ya michango ya msikiti, aitengeneze upya vile aonavyo. Lakini aandike waziwazi kwamba hilo ni zoezi na halikuagizwa na mtu. Na kazi iliyofanywa na watu watatu, ataje sehemu yake: kwamba yeye alichora herufi, na rangi zilikuwa za mwenziwe.

Hapa ndipo penye hatari. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa na Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji. Mwenyewe akasema ni mvua, na Mtume akamkemea kwa kutokukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Kijana atwaaye kazi ya mtu wa Uturuki akaifuta jina na kuipandisha katika tovuti yake amefanya ovu zaidi ya yule wa sokoni, kwa sababu yule chakula kilikuwa chake. Na siku hizi kuna programu za kuchora zenyewe kwa kuambiwa maneno. Atumiaye programu hizo aseme katumia wapi. Mteja ana haki ya kujua alipiacho ni mkono wa nani.

Jambo jingine ambalo vijana hawalitambui ni kwamba kila kazi uiwekayo ni mwaliko wa kazi nyingine iliyo sawa nayo. Ukionyesha bango la kampuni ya kamari, atakayekuandikia kesho ni kampuni nyingine ya kamari. Twajua ya kuwa kampuni hizo hulipa, tena hulipa upesi, na kijana mwenye kodi ya chumba iliyochelewa hana raha ya kuchagua. Hatusemi ni jambo jepesi. Twasema tu kwamba ajaze tovuti yake kwa vitabu, hospitali, maduka ya vyakula na shule, na mlango ule mwingine aufunge tangu barazani. Asiyeonyesha kazi za pombe na kamari ataulizwa kwa nadra kuzifanya.

Juu ya herufi za Kiarabu

Sisi ni walimu wa chuoni, na macho yetu huumia kwa jambo hili. Mara nyingi tumeona bango kubwa la msikiti, lenye rangi za kupendeza, ambalo bismillahi yake imeandikwa herufi mbali mbali, tena kuanzia kushoto, mfano wa mtu aliyetawanya shanga sakafuni. Msanifu hakukusudia ubaya. Alinakili maneno sawasawa akayatia katika programu, na programu haikuwa imetayarishwa kwa lugha ziandikwazo kutoka kulia. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kwa mahali pake. Ain ya mwanzo si ain ya kati wala ya mwisho. Programu isiyojua hivyo huziweka zote katika umbo la upweke.

Dawa yake si ngumu. Katika mipangilio ya programu huwamo sehemu ya lugha za Mashariki ya Kati, aichague hiyo. Atumie mwandiko wenye herufi za Kiarabu kamili pamoja na irabu zake, na ipo miandiko mizuri itolewayo bure, kama Amiri wa Khaled Hosny, ulioiga herufi za chapa ya Bulaq mjini Cairo. Katika tovuti yenyewe, kila fungu la Kiarabu litiwe alama ya kukiambia kivinjari kwamba lugha hii ni Kiarabu na mwelekeo wake ni kulia kwenda kushoto. Khati ya kisanii yaweza kuwekwa kama picha, lakini iandikiwe maelezo yake kwa nyuma, ili kipofu atumiaye programu ya kusomewa naye asikie ni nini. Na kabla ya chochote kwenda chapani, kisomwe na mtu ajuaye Kiarabu. Kijana Mwislamu mwenye kuweza haya na ayaonyeshe wazi katika tovuti yake, maana wasanifu wengi hodari hawayawezi, na kuna misikiti, vyuo na wachapishaji wanaoyatafuta.

Na kwa kuwa tumefika hapa, twaongeza la pembeni: aya za Qur'ani katika kadi za arusi. Kadi hutupwa baada ya karamu. Sisi twaona bora msanifu amshauri mteja ataje jina la sura na nambari ya aya tu.

Simu, picha na rangi

Kwetu sisi watu wengi wataifungua tovuti hiyo kwa simu, na kwa kifurushi walichokinunua kwa fedha yao. Picha moja itokayo katika simu yaweza kuwa na megabaiti 4; kumi ni megabaiti 40, na huko ni kumtoza mgeni kiingilio barazani. Picha ikipunguzwa upana hadi nukta 1600 hivi na kuhifadhiwa kwa JPEG au WebP, yaweza kushuka hadi kilobaiti 300 na jicho lisitambue tofauti. Achore kwanza ukurasa wa simu, wenye upana wa nukta 360 au 400, kisha ndipo aupanue kwa kompyuta.

Maneno ya kijivu juu ya nyeupe, ambayo vijana huyaona ya kifahari, hayasomeki juani. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wa tovuti ni kwamba mwangaza wa maandishi na wa mahali yalipoandikwa uwe kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vipo vipimio vya bure mtandaoni vya kulijua hilo.

Mabinti zetu

Tumeletewa swali hili na baba mmoja, na twaamini ni la wengi. Binti yake hutunga nakshi za hina na piko, na za nguo, na watu humsifu. Yeye ataka tovuti, na baba akataa akiogopa kumtoa mtoto wa kike mbele ya ulimwengu. Woga huo una haki yake. Lakini tazameni pia upande wa pili: binti huyu hufanya kazi nyumbani, hatoki usiku, wala hakai dukani na wanaume, riziki yamjia naye yumo katika sitara. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa na biashara iliyofika Sham naye yuko Makka. Kuizuia kazi isijulikane si lazima ndiyo njia ya kumhifadhi mtu.

Tovuti hailazimishi sura. Binti aweza kutia jina la kazi badala ya jina lake lote, na nembo mahali pa picha yake. Nakshi za hina aweza kuzichora juu ya karatasi au juu ya mkono wa plastiki akazipiga picha. Kwani mikono ya bibi arusi iliyopambwa ina mwenyewe, nayo isionyeshwe hata kama haina uso pasipo idhini yake, na masheikh wana maneno katika hilo. Badala ya nambari yake ya simu aweke fomu ya ujumbe iendayo katika barua pepe ya kazi, au nambari ya pili iliyo kwa ajili ya wateja tu, ambayo ndugu yake au mama yake pia aisoma. Aandike kwamba kazi za hina huchukuliwa kwa wanawake, kwa miadi, na kwa malipo ya mbele. Asitaje mtaa na nyumba, mji watosha. Baba akikaa na binti yake wakayapanga haya pamoja juu ya ile karatasi tuliyoitaja, twaona hofu yake nyingi itapata jawabu.

Na kuna amana za watu wengine. Kadi ya arusi ina majina ya wazee wa pande mbili na nambari za simu za wapokeao michango. Ukiionyesha kama ilivyo, umezitoa nambari za watu kwa kila mlaghai. Ibadilishwe: majina ya kubuni, nambari zilizofutwa, na mteja aombwe ruhusa. Tena si adabu tu: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania tangu 2022.

Jina, kufuli na nakala

Kijana mmoja aliyepita chuoni petu aliweka kazi zake zote za miaka sita katika ukurasa wa mtandao mmoja wa kijamii. Hakuwa na nakala pengine. Usiku mmoja mwizi akamlaghai kwa ujumbe wa uongo, akatwaa neno lake la siri, na asubuhi ukurasa ukawa unauza dawa za nguvu za kiume. Aliwaandikia wenye mtandao mara nyingi, asijibiwe. Wiki ile ile mchapishaji wa vitabu vya watoto alikuwa akimtafuta kwa jina, na alichokipata ni zile dawa. Kazi ilikwenda.

Kwa hiyo mitandao ya kijamii, na hata maonyesho makubwa ya wasanifu kama Behance, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Adobe mwaka 2012, ni meza ya sokoni. Ni vizuri kuwa na meza sokoni, lakini nyumba iwe yako. Nyumba huanza na jina. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na .tz na .ke zote zina sehemu ya watu binafsi, yaani .me.tz na .me.ke, mbali na zile za biashara. Chagua jina fupi, lisemekalo kwa simu bila kutajiwa herufi moja moja. Na liandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, wala si ya rafiki fundi wa kompyuta aliyekusaidia; urafiki hukatika, na mwenye kushika barua pepe ndiye mwenye jina.

Ujenzi wenyewe waweza kuwa kwa WordPress, itolewayo bure tangu 2003, au kwa kurasa nyepesi za HTML na CSS ambazo kijana mwenye subira hujifunza kwa miezi michache, na zaweza kuwekwa bila malipo katika GitHub Pages. Tovuti iwe na kufuli, yaani anwani yake ianze na https; cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt. Mwandikiane na mteja haki ya mchoro ni ya nani, na Tanzania Bara ina sheria yake ya hakimiliki ya 1999, Kenya ya 2001, Zanzibar ya 2003. Basi andika jina lako na mwaka chini ya kila ukurasa.

Jina hukodiwa kwa mwaka, halinunuliwi. Likisahauliwa kulipiwa, baada ya muda hurudi sokoni na mtu mwingine aweza kulichukua. Andika tarehe yake ukutani karibu na imsakiya, na siku ya kulilipia, zitazame kazi zako zote kumi: ile unayoiona haya iondoe, mpya itie mahali pake, kisha nakili tovuti nzima katika diski mbili, moja ikae kwako na moja nyumbani kwa ndugu yako.